Kengele Ambayo Hakuna Aliyeiagiza

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ya mbali, maana kompyuta zilikuwepo na umeme ulikuwa unakatika kama kawaida yake, katika mji mmoja wa nyanda za juu ambako watu huota jua wakiwa na sweta, palikuwa na karakana ya kubuni bodi za saketi. Ni zile bodi za kijani mnazozijua, zinazojificha ndani ya redio, ndani ya rimoti, ndani ya kila kitu kinachowaka taa na kupiga kelele. Karakana ilikuwa ya Injinia Mgaya. Ukimwita Mgaya bila Injinia, hasikii. Ukimwita Injinia bila Mgaya, anageuka kabla hujamaliza.

Karakana ile ilikuwa na desturi yake. Bodi ya majaribio ilitoka na kona tupu. Ikishafaulu kwa mteja, ndipo kwenye kona ile, kwa herufi nyeupe ndogo, huandikwa jina la aliyeibuni, na bodi zote zinazofuata zinatoka nalo. Jina moja. Hakuna mawili, hakuna "na wenzake". Na mtu ambaye jina lake halijawahi kuchapwa kwenye bodi, hata kama shahada yake inaning'inia ukutani ndani ya fremu, alihesabiwa kuwa bado. Hakupewa folda yake kwenye kompyuta ya miradi. Alifanya kazi ndani ya folda za watu, akimalizia walichoanza, akifagia walichomwaga, na bodi ikifaulu, inafaulu kwa jina la mwenye folda.

Basi palikuwa na dada mmoja, Tusekile. Alikuwa na shahada, alikuwa na macho makali ya kuona waya uliopotea katikati ya nyaya, na alikuwa bado. Waliokuja nyuma yake walipata majina, wakapata folda, wakaaga na kuhamia karakana kubwa za mijini. Yeye alibaki. Mama yake akimpigia simu humuuliza, "Hivi mwanangu, huko unafanya kazi gani?"

"Nabuni bodi, mama."

"Bodi ipi? Tuone na sisi."

Hapo Tusekile husema mtandao unakatika.

Alitaka jina lake kwenye kona. Kingine hakukitaka. Chai ya karakana ilikuwa nyepesi, kiti chake kilikuwa na mguu mmoja mfupi, Injinia alikuwa Injinia, na yote hayo aliyavumilia. Jina tu.

Siku moja akaingia Mama Nyagawa, mwenyekiti wa kikundi cha wafuga kuku, mwanamke ambaye hata akikusalimia unahisi umeshtakiwa. Akasema, "Nataka bodi ya mashine ya kutotolesha vifaranga. Joto likipungua, iwashe. Joto likizidi, izime. Basi. Sitaki mbwembwe."

"Mbwembwe hatuna, mama," akasema Injinia Mgaya, aliyekuwa amevaa koti jeupe la maabara ingawa maabara hawakuwa nayo. Akamgeukia Lusajo, mbunifu mwenye folda yake. "Lusajo! Fungua mradi."

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo mambo yalipoanzia. Kufungua mradi katika programu ya kuchorea bodi kuna njia mbili. Njia ya kwanza ni ya darasani. Unaanza na mradi mtupu, unaupa jina lake na folda yake, unauchagulia vifaa vyake, kisha unachora ukurasa mmoja baada ya mwingine mpaka mashine nzima inasomeka kama barua. Njia ya pili ni ya Lusajo. Unachukua mradi wa zamani, unaunakili mzimamzima, unabadilisha jina la juu, unakwenda kunywa chai.

Lusajo akanakili mradi wa kengele ya shule. Zamani karakana iliwahi kubuni kengele ya kulia yenyewe vipindi vinapobadilika. Shule ikaghairi, kengele zikabaki kwenye boksi na mchoro ukabaki kwenye kompyuta. Mchoro ulikuwa mzuri. Sehemu ya umeme ilikuwemo tayari, kichipu cha kutoa amri kilikuwemo tayari. Lusajo akafuta ukurasa wa saa, akaweka kipima joto, akaweka swichi za kuwasha taa za joto, akapiga mluzi. Ukurasa wa mwisho, wenye kengele na kibetri chake cha duara, akauacha.

"Nitaufuta baadaye," akaiambia kompyuta.

Baadaye haikufika. Injinia akampeleka kwenye kazi ya mizani ya wauza viazi, na kitotoleshi akakabidhiwa Tusekile amalizie. Folda ikabaki ya Lusajo, bila shaka.

Tusekile akaufungua mradi, akapita ukurasa kwa ukurasa, akafika mwisho. Akainua kichwa.

"Kaka Lusajo, hii kengele ni ya nini?"

"Kengele gani?"

"Ya shule. Ipo hapa imekaa."

"Aah, hiyo! Iache, nitaifuta baadaye."

"Baadaye gani? Si umeshanikabidhi mimi?"

"Basi wewe ndiye baadaye," akasema Lusajo, akachukua kikombe chake akatoka.

Tusekile akaifuta. Loo! Programu ikawaka alama nyekundu kila upande, maana Lusajo katika kunakili kwake alikuwa ameacha nyaya za umeme wa mashine nzima zikipitia ukurasa ule ule wa kengele. Ukiondoa kengele, unaondoa na umeme. Akairudisha haraka. Alama zote zikazimika, ikabaki moja tu, ya mguu wa kengele, ile ncha ya kuungia waya, uliokuwa unaning'inia hewani. Na mradi wenye alama nyekundu, hata moja, Injinia hautazami.

Kengele ile ilikuwa ya aina hii: mguu wake ukiwa na umeme, inanyamaza. Mguu ukikosa umeme, inalia kwa kibetri chake. Tusekile akavuta waya kutoka kwenye mguu mpaka kwenye umeme mkuu wa mashine, akabonyeza. Alama nyekundu ikafa. Programu ikanyamaza.

Alijua kwamba umeme ukikatika kengele italia? Alijua. Alilifikiria sana jambo hilo? Hapana. Alichotaka ni programu inyamaze. Lakini alipokuwa anahifadhi kazi yake alisema moyoni, ikilia basi ilie, itakuwa na sababu.

Akaipa kazi ile jina la "kitotoleshi mwisho kweli".

Injinia Mgaya akaja kukagua. Ukaguzi wake ulikuwa wa kusimama nyuma ya kiti cha mtu akiwa na kalamu, huku akisema "mm" kila ukurasa unapopita. Mm. Mm. Mm. Ukurasa wa mwisho akaacha kusema mm.

"Hii nini?"

"Kengele, Injinia."

"Kengele! Kuku wanakwenda shule?"

Karakana nzima ikacheka, na aliyecheka kuliko wote, mpaka chai ikampalia, alikuwa Lusajo.

"Injinia," akasema Tusekile, "nimeiunganisha na umeme mkuu. Umeme ukikatika..."

"Umeme ukikatika mteja ataona giza, dada. Macho anayo. Futa."

Tusekile akakaa siku nzima akizishona upya nyaya za umeme, moja baada ya nyingine, mpaka kengele ikatoka bila kuondoka na kitu. Kazi safi. Akaihifadhi kwa jina la "kitotoleshi mwisho kabisa". Kisha akaandaa orodha ya vifaa kutoka kwenye kazi ile ile safi, akaipeleka kwa muuza vifaa.

Mtauliza, mbona hakuifuta ile ya zamani? Karakana ile hawakuwa wanafuta kitu. Kila mtu akibadilisha mchoro anauhifadhi pembeni ya ule wa zamani na kuuongezea mkia. Humo foldani kulikuwa na kitotoleshi, kitotoleshi kipya, kitotoleshi mwisho, kitotoleshi mwisho kweli, kitotoleshi mwisho kabisa. Mradi mmoja ulikuwa na miisho mingi kuliko hotuba ya mgeni rasmi.

Kutuma mchoro kiwandani ng'ambo ilikuwa kazi ya Injinia peke yake. Ndiyo kazi pekee aliyoijua ndani ya programu, kwa hiyo aliifanya kwa heshima zote. Alivaa miwani. Alifukuza watu mezani. Alipangusa kipanya kwa leso.

"Injinia, ni ile ya 'mwisho kabisa'," akasema Tusekile kutoka mlangoni.

"Kusoma najua, dada."

Akatuma "mwisho kweli".

Bodi zikarudi kwenye boksi zimefungwa vizuri. Tusekile ndiye aliyefungua. Akatoa moja, akaigeuza kwenye mwanga, akaona. Nafasi ya kengele, mduara mweupe, na pembeni yake nafasi ya kibetri. Pale pale alipoifuta kwa siku nzima.

Aseme? Akamwambie Injinia Mgaya, mbele ya watu, kwamba alivaa miwani, akapangusa kipanya, akatuma faili siyo? Akaitazama kona tupu ya bodi. Akajiambia kwamba nafasi isiyowekewa kitu ni tundu, na tundu halimdhuru mtu. Akairudisha bodi kwenye boksi, akaipeleka meza ya kulehemu. Hakusema neno.

Meza ya kulehemu ilikuwa ya Bi Velonika. Bi Velonika alikuwa mtu wa kelele na wa kujisifu, lakini bodi ikipita mikononi mwake inang'aa. Kasoro yake ilikuwa moja: hakuweza kuvumilia tundu tupu. Akikuta shati la mtu limekosa kifungo, ataulizia kifungo kiko wapi hata kama mwenye shati hamjui. Akaweka vifaa vyote kutoka kwenye pakiti, akafika kwenye mduara mweupe, akatikisa pakiti. Hamna.

"Lusajo! Hiki kidude cha duara kiko wapi?"

"Kama kwenye bodi kipo, kiweke, mama," akajibu Lusajo bila kugeuka.

Bi Velonika akainuka, akalifukua boksi la kengele za shule zilizoghairiwa, akachukua kengele, akachukua na kibetri, akavilehemu. Vikakaa kama vilizaliwa pale. Alijua vinafanya nini? Wala. Alifurahi tu kwamba bodi haina tundu. Injinia akaijaribu kwenye umeme, taa zikawaka, taa zikazimika, kengele ikanyamaza kwa sababu mguu wake ulikuwa na umeme, na alipoichomoa ikanyamaza vilevile, maana kibetri kilichokaa boksini miaka yote kilikuwa kitupu, kikingoja kuchajiwa na mashine. "Mm," akasema. Bodi ikaenda kwa Mama Nyagawa.

Mayai yakawekwa. Siku zikaenda. Karakana ikasahau.

Mchana mmoja, Tusekile akiwa amekaa kwenye kiti chake cha mguu mfupi akimalizia kazi ya folda ya mtu mwingine, mlango ukapigwa teke ukafunguka. Mama Nyagawa huyo. Mkononi kapu limefunikwa kitenge, usoni uso wake ule ule. Akalitua kapu mezani kwa Injinia.

"Nani aliweka kengele kwenye mashine yangu?"

Injinia Mgaya akasogeza kiti chake nyuma. "Kengele, mama?"

"Kengele! Imelia mpaka watoto wa jirani waliotoroka shule wakarudi mbio darasani. Nauliza nani aliiweka!"

Jamani, mngekuwepo.

"Lusajo!" akasema Injinia. "Mimi niliagiza ifutwe, mama, nina mashahidi. Huyu Lusajo ndiye aliyefungua mradi kwa kunakili takataka za zamani."

"Mimi?" akasema Lusajo. "Mimi nilinakili tu, mama, hata waya wake sikuugusa. Aliyeiunganisha ni huyu, Tusekile. Muulize!"

"Mimi niliifuta," akasema Tusekile, na sauti yake ilitoka haraka kuliko alivyotaka. "Niliambiwa nifute, nikafuta. Kazi safi ipo humu, njooni muone. Aliyetuma yenye kengele ni Injinia."

"Mimi nitume?" Injinia akavua miwani. "Hata kama nilituma, na sisemi nilituma, kengele kwenye mchoro si kengele. Nani aliyeilehemu?"

Wote wakageukia meza ya kulehemu.

"Niliilehemu mimi," akasema Bi Velonika, chuma cha moto mkononi. "Tundu lilikuwepo, nikaliziba. Sasa?"

Mama Nyagawa akawatazama mmoja mmoja. Kisha akalifunua kapu. Likajaa sauti. Vifaranga! Wa manjano, wa kahawia, wanapandiana migongoni, mmoja anampiga mdomo mwenzake jichoni.

"Umeme ulikatika nikiwa uani," akasema, na kwa mara ya kwanza watu wakasikia sauti yake ikiwa imetua. "Baridi mnaijua. Ningejuaje? Taa za ndani ya mashine nani anaziona mchana akiwa uani? Kengele ikalia. Nikakimbia, nikafunika mashine kwa mablanketi, nikazungushia chupa za maji ya moto mpaka umeme uliporudi. Hawa hapa. Shemeji yangu Mligo ana mashine kutoka mbali, ina kioo, inang'aa, na iko kimya kama kaburi. Umeme huo huo, kilima hicho hicho. Alikuwa amelala baada ya chakula. Mayai yake yote yamekufa bila kuaga."

Akafunika kapu.

"Kikundi changu kizima kinataka mashine hii, yenye kengele. Na mimi nimesikia mna desturi ya kuandika jina kwenye bodi. Nataka jina la aliyeniwekea kengele. Moja. Siku isipolia nitataka kujua namfuata nani, na siku ikilia nitataka kujua namwombea nani. Kwa hiyo narudia. Nani aliweka kengele?"

Jamani, mngekuwepo tena.

"Mimi, mama!" akasema Lusajo, akaruka mbele mpaka akagonga kiti. "Fikiria. Ningefungua mradi mtupu, kama darasani wanavyofundisha, kengele ingetoka wapi? Isingekuwepo ya kuunganishwa, ya kutumwa wala ya kulehemiwa. Nimeileta mimi. Na folda ni yangu, desturi inajulikana."

"Uliileta kwa uvivu," akasema Bi Velonika.

"Uvivu ni jina lake kabla haujazaa matunda. Ukizaa unaitwa busara."

"Kwani dakika mbili zilizopita ulikuwa unasemaje?" akauliza Mama Nyagawa. "'Nilinakili tu', si ndivyo?"

Lusajo akatazama kapu.

"Tuache utoto," akasema Injinia Mgaya, akavaa miwani yake tena na kufunga vifungo vya koti. "Ndani ya folda kulikuwa na mafaili mengi. Mkono wangu ukachagua lile. Lile, mama, siyo jingine. Huo ndio unaitwa uzoefu."

"Injinia," akasema Tusekile, "si wewe uliyeagiza ifutwe?"

"Niliagiza ifutwe, na nikatuma isiyofutwa. Kiongozi huangalia pande zote mbili za jambo."

Hata vifaranga walinyamaza kidogo. Lakini msimcheke Injinia mkamaliza, maana ukweli wake mmoja hauondoki: angetuma ile aliyoelekezwa, bodi isingekuwa na mduara mweupe, Bi Velonika asingeona tundu, na mayai ya Mama Nyagawa yangepoa sawa na ya shemeji yake.

"Na wewe mwenye chuma?" Mama Nyagawa akamgeukia Bi Velonika.

"Mimi sitaki maneno mengi," akasema Bi Velonika, ambaye hakuna siku aliwahi kuyakataa. "Hawa wamechora, wamefuta, wametuma. Picha! Picha hailii, mama. Kilicholia ni kitu nilichokiokota mimi kwenye boksi, nikakiweka kwa mkono huu. Sikujua kinalia kwa nini, hilo nasema wazi. Lakini ulipoingia hapa na sauti yako ile, hawa wakaanza kurushiana kama kuku walioona mwewe. Nani alisema 'ni mimi'? Mmoja. Mkatae mbaya, mkubali nzuri? Hapana. Niliyeipokea lawama nipokee na jina."

"Jina kwenye bodi ni la aliyebuni," akasema Lusajo. "Wewe ulibuni nini? Uliziba tundu!"

"Na wewe ulibuni nini? Ulikwenda chai!"

Mama Nyagawa akainua mkono, wakanyamaza. Akamtazama Tusekile, aliyekuwa bado hajadai jina.

"Na wewe binti? Ulisema uliifuta. Umebadilisha kauli?"

Maneno ya Tusekile mwenyewe, yaliyotoka haraka kuliko alivyotaka, yalikuwa yamesimama pale katikati ya chumba yakimngoja.

"Sikubadilisha, mama. Niliifuta. Lakini niliifuta kwa kuambiwa. Nilipoiunganisha na umeme mkuu, hakuna aliyeniambia. Lusajo aliileta kengele ya shule, ya kulia saa za vipindi. Kwa mchoro wake isingelia kwa umeme kukatika, isingelia kwa lolote, mguu ulikuwa hewani. Waya unaoifanya imwite mtu umeme ukipotea niliuvuta mimi."

"Uliuvuta ili mayai yangu yapone?"

Hapa angeweza kusema ndiyo. Nani angembishia? Waya haukuandikwa sababu.

"Niliuvuta ili programu iache kunipigia kelele," akasema Tusekile. "Halafu nikaona inafaa. Nikataka kumweleza Injinia, akanikatisha, nikaacha."

"Akakukatisha na ukaacha. Na bodi zilipokuja, uliona kengele imo?"

"Niliona."

"Ukasema?"

"Sikusema."

"Kwa nini?"

"Nilimwogopa Injinia. Na nilitaka ibaki."

"Kipi zaidi?"

"Sijui, mama. Nikisema najua nitakuwa nadanganya."

Mama Nyagawa akaguna. Haikujulikana ni mguno wa kuridhika au wa kuchoka. Akavuta kiti, akakaa, kapu likiwa magotini.

"Fungueni hiyo programu yenu. Nataka nione jina likiandikwa kwa macho yangu. Wenzangu wananisubiri, siondoki hapa na kona tupu."

Injinia akamwashiria Lusajo akae kwenye kompyuta. Mama Nyagawa akatikisa kichwa.

"Siyo huyo. Huyu." Akamwelekeza Tusekile kidole. "Watatu wamejitetea kama wako mahakamani. Huyu ameulizwa akasema hajui. Mwandishi awe yeye. Binti, andika jina moja, la yeyote kati yenu wanne, hata lako mwenyewe. Utakaloandika ndilo nitakaloagizia. Sitauliza tena, na huyu bwana mwenye koti hatabadilisha."

"Lakini mama..." akaanza Injinia.

"Bwana, mashine zote za kikundi ziko kwenye midomo yako. Ukiendelea kusema zinaruka."

Injinia akafunga mdomo.

Tusekile akakaa. Akaifungua bodi kwenye skrini, akaikuza, akaikuza tena, mpaka kona ikajaa skrini nzima. Kona tupu. Aliijua kona ile kuliko mtu yeyote katika chumba kile. Aliwahi kuwaandikia wengine majina yao hapo kwa mikono yake, mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyemuuliza lake linaandikwaje. Akabonyeza, kistari cha kuandikia kikaanza kupepesa.

Nyuma yake Lusajo akanong'ona, "Dada Tuse, bila mimi ungeunganisha nini?"

Kutoka kwenye koti jeupe, Injinia akakohoa kikohozi cha mwenye karakana.

Kutoka meza ya kulehemu, Bi Velonika akasema kwa sauti ya kawaida, bila hata kunong'ona, "Ukiandika lako sitakulaumu, mwanangu. Ila ujue mimi nilisema ni mimi."

Tusekile akaweka vidole juu ya vitufe. Akiandika jina la mwingine, folda inakwenda kwa mwingine, naye anabaki bado, mpaka lini hajui. Akiandika lake, ataandika jina la mtu ambaye dakika chache tu nyuma aliikana kengele mbele ya kila mtu. Vidole vikashuka, herufi ya kwanza ikatokea nyeupe kwenye kona, kisha ya pili, na Mama Nyagawa akaegemea mbele na kapu lake kusoma.

Mimi hapo natoka, nawaachia nyinyi. Msinitazame mimi, mliokuwa mnacheka ni nyinyi. Yuko aliyeileta kengele kwa uvivu. Yuko aliyeipa waya, akaifuta, halafu akaiona imefufuka akanyamaza. Yuko aliyeikataa kwa mdomo na kuituma kwa mkono. Yuko aliyeipa sauti bila kujua ni sauti ya nini, na akasimama nayo ilipoonekana kuwa kosa. Mmoja wao akikosekana, hakuna kifaranga. Wala msiniambie "wote", kona haitoshi.

Je, nani alistahili jina lile? Na nyinyi mngekuwa kwenye kiti cha Tusekile, vidole vyenu vingeandika hilo hilo mnalonitajia sasa?